Kuiga na Kubuni: Chimbuko la Mtindo katika Upigaji wa Gitaa

1.0 Utangulizi

Neno mtindo lina maisha mawili katika Kiswahili. Kwa mwanafasihi, ni namna mtunzi anavyoitumia lugha hata akatambulikana bila kutajwa jina. Kwa wapenzi wa muziki wa dansi nchini Tanzania, ni jina la mapigo yanayoitofautisha bendi moja na nyingine: NUTA Jazz na Msondo, Western Jazz na Saboso, Mlimani Park na Sikinde. Maana hizo mbili hukutana katika swali moja: je, mtindo huzaliwa na msanii mwenyewe, au hupokewa kutoka kwa wengine?

Swali hili lina uzito wake. Wapigaji wengi wa gitaa waliosindikiza nyimbo za Kiswahili katika karne ya ishirini walijifunza kwa kusikiliza santuri zilizotoka Kongo na Kuba. Kwa sababu hiyo husemwa mara kwa mara kwamba kazi zao ni nakala tu. Hukumu hiyo ikikubaliwa, sehemu kubwa ya sanaa ya Kiswahili ya mijini itahesabiwa kuwa kivuli cha kazi za wengine, wala mwanafunzi hatakuwa na sababu ya kuichunguza. Kwa upande wa pili, ikidaiwa kuwa msanii wa kweli haigi, mwanagenzi atayaonea haya mazoezi ambayo bila hayo vidole vyake havitazijua nyuzi. Rai inayotetewa hapa ni kwamba uigaji na upekee si mahasimu. Jambo la kupimwa ni kile kinachoigwa, na kile anachokifanya mpigaji pale uigaji unapogota.

2.0 Ngazi za Uigaji

Ni vyema kutofautisha ngazi tatu. Ya kwanza ni kunakili: mwanafunzi huirudia sauti moja baada ya nyingine kama alivyoisikia, akiirudisha sindano ya gramafoni mahali pale pale hata sikio litosheke. Ya pili ni kuiga mkono: hapa hatafuti tena sauti peke yake, bali anatafuta ni kidole kipi kilichoitoa, juu ya uzi upi, na kwa nguvu gani. Ya tatu ni kuimiliki kanuni: akiisha kuelewa kwa nini sauti hizo zimepangwa hivyo, anaweza kupanga nyingine ambazo mwalimu wake hakuzipiga kamwe, lakini zinazotii utaratibu ule ule.

Mfano bora ni ule wa Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa Bunkeya, Katanga, mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi mjini Jadotville, ambao leo huitwa Likasi, na miongoni mwa nyimbo alizozirekodi ni ile iitwayo Masanga. Bosco alizidonoa nyuzi kwa vidole viwili, gumba na shahada. Gumba lilishika sauti za chini, na shahada ikafuma sauti za juu kwa mwendo wake wenyewe, hata asiyemwona akadhani magitaa ni mawili. David Rycroft aliyechambua upigaji huo katika jarida la African Music mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliushughulikia kama ubunifu wa papo kwa papo. Hapa pana funzo. Anayenakili santuri ananakili upigaji wa siku moja tu. Bosco mwenyewe hakufungwa na upigaji huo. Alifuata kanuni iliyouzaa.

Santuri za Katanga zilisikika Kenya, na binamu yake Bosco, Edouard Masengo, aliishi na kupiga muziki Nairobi. Katika zama hizo hizo George Mukabi, Mluhya wa magharibi ya Kenya aliyefariki mwaka 1963, alipata umaarufu kwa mtindo uitwao omutibo. Yeye pia alitumia gumba na shahada. Hata hivyo, msikilizaji makini hawezi kumchanganya na Bosco. Mwendo wa gitaa lake umekaribiana na mapigo ya ngoma ya sukuti ya Waluhya, na pembeni yake husikika chupa ya soda ikikwaruzwa kushikilia mapigo. Namna ya kutumia vidole inafanana, lakini mwili unaocheza ngoma si ule ule.

3.0 Pale Nakala Inaposhindikana

Hali huwa wazi zaidi mpigaji anapoiga ala isiyo gitaa. Muziki wa benga uliochipuka Nyanza una deni kubwa kwa nyatiti ya Wajaluo. Nyatiti ina nyuzi nane, na kila uzi hutoa sauti yake moja bila kubonyezwa popote. Mpigaji huketi, huimba, huzidonoa nyuzi, na wakati huo huo huigonga ala kwa pete ya chuma iliyo kwenye kidole cha mguu. Gitaa lina nyuzi sita, linabonyezwa, na halina pete ya mguu. Kwa hiyo nakala kamili haiwezekani. Mpigaji hana budi kuamua: sauti ipi iachwe, ipi ihamishiwe uzi mwingine, na mapigo ya pete yachukuliwe na nani, besi au ngoma? Mtindo hujengwa na maamuzi ya namna hiyo.

Mambo kama hayo yalitokea Kongo baada ya santuri za Kuba za mfululizo wa GV kuanza kutolewa mwaka 1933. Yale yaliyopigwa na mikono miwili ya mpiga piano wa Kuba yalipaswa kugawanywa baina ya magitaa kadhaa. Mgawanyo huo haukuwako Kuba. Ulibuniwa na waliokuwa wakijitahidi kuiga.

Morogoro nako, bendi ya Salum Abdallah ilijiita Cuban Marimba bila kuficha asili ya ilichokipenda. Katika mji huo huo alivuma Mbaraka Mwinshehe (1944–1979), wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, aliyekuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga gitaa la solo. Gitaa linaloujibu mstari wa Kiswahili hulazimika kuungoja mstari huo utimie, na kuingia mahali ambapo maana imetua. Kishazi cha gitaa kilichokopwa kutoka wimbo wa lugha nyingine hakina budi kurefushwa, kukatwa au kusogezwa.

4.0 Ulinganisho na Ushairi

Wanafunzi wa fasihi wanalifahamu suala hili kwa sura nyingine. Amri Abedi alizifafanua kanuni za utunzi katika Sheria za Kutunga Mashairi (1954). Miaka ishirini baadaye Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi (1974), diwani iliyochochea mjadala mkali juu ya vina na mizani. Katika mjadala ule wote, hakuna aliyemwita mtunzi wa mizani kumi na sita mwizi kwa kuwa mizani hiyo ilitumiwa na waliomtangulia. Ilieleweka kwamba umbo ni mali ya jumuiya, na mtunzi hupimwa kwa alichokisema ndani yake. Mpiga gitaa anastahili kipimo hicho hicho.

5.0 Hitimisho

Wahenga walisema kuwa mwiga tembo hupasuka msamba. Methali hii haikatazi kuiga. Inaonya dhidi ya kuiga bila kuujua mwili wako mwenyewe. Mwanagenzi wa gitaa na anuse nyayo za waliomtangulia bila aibu, lakini aanze na zaidi ya mwalimu mmoja, kwa kuwa walimu wawili wasiokubaliana humlazimisha kuchagua. Naye mtafiti, kabla ya kuandika kwamba fulani ameiga, aweke chanzo na zao lake ubavu kwa ubavu, avisikilize kwa zamu, kisha aorodheshe kilichobaki, kilichoachwa na kilichoongezwa. Orodha ya kwanza itamwonyesha mpigaji alisoma kwa nani; mbili zilizosalia ndizo zitakazomweleza mpigaji huyo ni nani.