Mota Ina Rekodi, Breki Ina Kazi

Mwaka 2024 kampuni ya DJI ya China, ambayo wengi wetu tunaijua kwa droni, iliingia kwenye baiskeli za mlimani na mota yake ya Avinox. Uzito wake ni kilo 2.52, na ukiwasha nguvu za ziada inatoa nyutonimita 120 za mzunguko na wati 1,000 kwa muda mfupi. Bosch, mkongwe wa soko hilo, alikuwa kwenye nyutonimita 85, na mwaka uliofuata naye akapandisha hadi 100. Tangu hapo kila mwenye baiskeli ya umeme anahesabu wati. Breki zinatajwa mwisho, kama zinatajwa.

Hebu tupige hesabu. Mwendeshaji mwenye kilo 90, na begi lake na helmeti, kapanda baiskeli ya kilo 25 na anashuka mita 1,000 kwa dakika 10. Mlima unampa nishati ya jouli milioni 1.1 na ushee, wastani wa karibu wati 1,900. Toa fungu la upepo, toa na la tairi, bado zaidi ya wati 1,000 zinaingia kwenye diski mbili nyembamba, dakika 10 mfululizo. Nishati yote ya mteremko huo ingechemsha zaidi ya lita 3 za maji ya bomba. Kwa hiyo mashine yenye nguvu kuliko zote kwenye baiskeli hiyo ni breki. Na mota haiwezi kuisaidia: iliyofungwa katikati huzungusha mnyororo, na gurudumu la nyuma likiteremka huru haliwezi kuigeuza mota ili ichaji betri.

Uzito wenyewe unasingiziwa mno. Kilo 10 au 11 ambazo baiskeli ya umeme huizidi ya kawaida zinaongeza joto kwa takriban sehemu moja ya kumi. Kinachomaliza breki ni kwamba aliyekuwa anapanda mara moja kwa jasho na kushuka mara moja, sasa anapanda mara tatu kabla ya chakula cha mchana.

Mteremko uliotoa moshi mwingi kuliko yote

Kwangu mimi taji hili ni la Repack, njia ya vumbi karibu na Fairfax, California. Inashuka takriban mita 400 katika kilomita 3 na kidogo. Kuanzia Oktoba 1976 vijana walishindana pale kwa baiskeli kuukuu za chuma, nzito kama za umeme za leo, zenye breki ya ndani ya habu inayofungwa kwa kurudisha pedali nyuma. Grisi ya habu ilichemka ikageuka moshi, na baada ya kila mshuko ilibidi habu ifunguliwe na kujazwa grisi mpya. Jina la njia lilitokana na kazi hiyo. Rekodi ya dakika 4 na sekunde 22 inashikiliwa na Gary Fisher, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waliozianzishia biashara baiskeli za mlimani.

Walichokiona pale ndicho kinachotokea leo, ila kwa vyuma vya bei mbaya zaidi: breki haishindwi kwa kukosa nguvu ya kubana, inashindwa joto likikosa pa kwenda.

Kasi kubwa kuliko zote

Mfaransa Éric Barone alifika kilomita 227.72 kwa saa kwenye theluji ya Vars, Machi 2017. Kwenye changarawe, Markus Stöckl wa Austria alifika 167.6 mwaka 2016 katika jangwa la Atacama, kwa baiskeli ya aina inayouzwa madukani. Ajabu ni kwamba rekodi hizi hazikufundishi kitu kuhusu kuchagua breki. Hawa hushuka mstari mmoja ulionyooka kisha wana uwanja mrefu wa kupunguzia mwendo. Msitu wenye kona 60 unaitesa breki kuliko wao wote wawili.

Kubwa, nene, ghali

Diski kubwa zinazopatikana kwa urahisi ni za milimita 220 na 223. Ukitoka 180 kwenda 220 unapata nguvu ya kusimamisha asilimia 22 zaidi kwa vidole vile vile, na chuma zaidi cha kubeba joto. Kwa baiskeli ya umeme ya mlimani ningeanzia 200 au 203 mbele na nyuma. Wengi huweka diski ndogo nyuma kwa mazoea, kumbe nyuma ndiko wanakoburuta breki mteremko mzima. Kabla ya kununua, soma kikomo cha uma wa mbele; uma usioruhusu 220 usilazimishwe.

Kwa unene, Shimano wanatumia milimita 1.8, Magura wana diski za 2.0, TRP wamefika 2.3, na Hope wa Barnoldswick, Uingereza, wana diski yenye matundu ya kupitisha hewa katikati ya bapa mbili, unene milimita 3.3. Hiyo inahitaji kalipa yake maalumu. Nikiambiwa nichague kimoja, unene au jina kubwa kwenye mkono wa breki, nachukua unene.

Upande wa pistoni, SRAM walipotoa Maven mwaka 2024 waliweka za milimita 18 na 19.5, wakati Code yao ya zamani ina za 15 na 16. Kwa mwendeshaji mwepesi naona ni kubwa mno. Tairi inakwama kabla hujajua umegusa. Kwa ughali, Trickstuff Maxima ya Freiburg, Ujerumani, seti ya mbele na nyuma ilipita euro 1,000, na watu walipanga foleni ya miezi. Mafuta yake yanatokana na alizeti.

Kuna na Sur-Ron Light Bee X, ambayo kwa kweli ni pikipiki nyepesi: kilele cha kilowati kadhaa, uzito wa kilo 50 hivi, lakini imeuzwa na diski za 203, kipimo cha baiskeli ya kawaida ya mteremko. Mwenye mashine hiyo aboreshe breki kabla hajafikiria kuongeza betri.

Mafuta

Hapa ndipo fundi wa kwetu anapopaswa kuulizwa kabla ya muuzaji. Hope na SRAM Code zinatumia mafuta ya DOT, ambayo DOT 4 yake iko kila duka la spea za magari kuanzia Kariakoo ya Dar es Salaam hadi Kirumba ya Mwanza. Shimano, Magura na Maven zinatumia mafuta ya madini, na hayo utayaagiza. Ukichanganya, mipira ya ndani inavimba na breki imekwisha. DOT 5 nayo si 5.1, ni silikoni, iache dukani.

DOT hunywa unyevu wa hewani. Ikiwa mpya, DOT 4 hutakiwa kuvumilia angalau nyuzi 230 kabla ya kuchemka. Ikishanyonya maji kiwango kinashuka hadi 155. Ndiyo maana breki iliyokuwa ngumu mwaka jana leo inazama hadi kwenye usukani katikati ya mteremko, kisha ikipoa inarudi kama hakikutokea kitu. Badilisha mafuta kila mwaka, na chupa iliyokaa wazi usiitumie.

Milimita ndogo kuliko zote

Diski ya Shimano yenye 1.8 inatupwa ikifika 1.5. Uhai wake wote ni milimita 0.3, na jicho haliwezi kuziona, tumia maikromita. Pedi zinatupwa zikibaki na 0.5. Pedi za resini hushika vizuri zikiwa baridi na hazipigi kelele, ila matope ya masika huzisaga upesi. Za chuma hulia, lakini huvumilia joto. Kwa milima mirefu chukua za chuma, baada ya kuhakikisha diski yako haijaandikwa kuwa ni ya resini pekee.

Pedi mpya hazikabidhiwi mteremko siku hiyo hiyo. Tafuta barabara tupu, endesha mwendo wa wastani, funga breki kwa nguvu hadi karibu usimame bila tairi kukwama, achia, rudia mara 20. Diski ifutwe kwa spiriti na kitambaa safi. Na anayepuliza mafuta ya mnyororo kwa kopo la kupulizia aifunike diski ya nyuma kwanza, kwa sababu pedi iliyokunywa mafuta, hata ukiipiga msasa na kuichoma kwenye jiko la gesi, itakaa siku mbili ianze kulia tena.