Bagamoyo kwa Siku Moja: Mwongozo kwa Familia za Kata za Chalinze

Bagamoyo ni makao makuu ya wilaya ambayo Halmashauri ya Chalinze ni sehemu yake. Hata hivyo, wapo watoto wengi wa Lugoba, Miono, Mbwewe na Ubena wanaoujua mji huo kwa kuusoma darasani tu, na hawajapata kuuona kwa macho. Historia wanayoisoma haiko mbali nao. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa, iliyounganisha Ujiji na pwani kwa mwendo wa takriban kilomita 1,200, ilipita katika nyika ambazo leo ni mashamba na vijiji vya kata hizi, ikavuka Mto Ruvu na kuishia Bagamoyo. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia hiyo katika orodha ya awali ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia.

Safari ya siku moja inatosha kuwaonyesha watoto mambo makubwa ya mji huo, mradi ipangwe mapema. Familia iliyodunduliza fedha kwa miezi kadhaa haistahili kurudi imechoka na haikuona kitu.

Njia na usafiri

Barabara ya lami ya Msata hadi Bagamoyo, yenye urefu wa kilomita 64, imeufanya mwambao kuwa karibu. Wakazi wa kata zilizo kando ya barabara ya Morogoro hufika kwanza Chalinze, kisha Msata. Wa kaskazini hushuka moja kwa moja hadi Msata. Kutoka hapo gari hupita Kiwangwa, penye mashamba ya mananasi, huvuka Mto Ruvu na kufika Makofia, kisha mjini.

Familia chache zikiungana zinaweza kukodi gari dogo la abiria na kugawana gharama. Kabla ya kulipa, ni vema kuhakikisha kwamba gari lina leseni ya kubeba abiria, kwamba idadi ya viti inatosha, watoto wakiwemo, na kwamba bei iliyokubaliwa ni ya kwenda na kurudi. Wanaopanda basi waombe tiketi na walipe nauli iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA). Ndani ya mji, bajaji ni salama zaidi kuliko kuipakia familia nzima kwenye bodaboda moja. Muda wa gari la mwisho la kurudi uulizwe asubuhi, mara tu baada ya kushuka.

Siku ya kuchagua

Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo myepesi kwa safari ya aina hii: mvua ni chache na joto ni la wastani. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, huweza kuharibu siku nzima. Jumapili asubuhi kanisani Misheni huwa na ibada, na Ijumaa mchana mjini huwa na sala; siku hizo zinafaa kwa ziara, lakini ratiba izingatie nyakati hizo.

Jambo linalosahaulika zaidi ni mwezi angani. Bahari ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji madogo huweza kuzidi mita 3. Katika siku hizo maji hupwa sana kwenye saa 4 au 5 asubuhi, na hujaa kwenye saa 10 au 11 jioni. Maana yake ni kwamba familia itakayoikuta bahari imekimbia mbali asubuhi, ikatembea juu ya mchanga na tope kuokota kombe, itakuwa inafuatwa na maji mchana kutwa. Watoto wasiozoea bahari hawatambui jinsi maji yanavyozunguka kupitia vijito na kuwatenga na nchi kavu. Wavuvi wa pale ufukweni wanazijua saa za siku hiyo. Waulizwe kabla mtoto hajavua viatu.

Mpangilio wa siku

Familia iliyoondoka Msata saa 12 asubuhi inaweza kuanza ziara saa 3 bila haraka. Mahali pa kuanzia ni Kaole, takriban kilomita 5 kusini mwa mji, kwa sababu ni uwanda wa wazi na jua la mchana hapo ni kali. Hapo yapo magofu ya misikiti miwili na makaburi ya mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, mengine yakiwa na nguzo ndefu. Msikiti mkongwe unahesabiwa kuwa wa karne ya 13, na ni miongoni mwa misikiti ya kale zaidi katika Tanzania Bara. Katika jumba dogo la makumbusho vipo vigae vya vyombo vya kauri kutoka China, ushahidi kwamba watu wa Kaole walifanya biashara na nchi za mbali kabla ya meli yoyote ya Ulaya kufika pwani hii. Watoto watapenda mbuyu mkubwa, ambao kwa simulizi za wenyeji humwongezea umri anayeuzunguka.

Kuanzia saa 5 familia inaweza kutembea kwa miguu katika Mji Mkongwe. Humo ipo Ngome Kongwe ya miaka ya 1860, kambi ya misafara ambamo wapagazi walipumzika, na Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1897. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891, yalipohamishiwa Dar es Salaam. Watoto wakubwa waelezwe pia kwamba utawala huo haukupokelewa kwa utulivu: mwaka 1888 watu wa pwani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim, waliinuka na kupigana nao, hadi Abushiri aliponyongwa Pangani mwezi Desemba 1889.

Chakula cha mchana hupatikana kwa bei ya kawaida jirani na soko la samaki, ambako samaki hukaangwa papo hapo. Baada ya hapo, saa 8, jua likiwa bado kali, Misheni ya Katoliki kaskazini mwa mji ina miti mikubwa na kivuli. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapo mwaka 1868, wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Makumbusho ya Misheni yanaeleza biashara hiyo kwa picha na vifaa. Hapo pia ndipo mwili wa David Livingstone ulipofikishwa mwezi Februari 1874, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miezi mingi kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Mtoto akiuliza nani alikuwa shujaa wa safari hiyo, wabebaji hao wasisahaulike.

Saa 10 jioni familia iwe kituoni.

Kuzungumza na watoto kuhusu utumwa

Wazazi wengine huona vigumu kulieleza jambo hili, hivyo hulipita kimya, na mtoto hubaki na minyororo aliyoiona bila maneno ya kuielewa. Mtoto wa miaka sita au saba hutosheka akiambiwa kwamba watu walichukuliwa kwa nguvu kutoka kwao na kuuzwa, kwamba lilikuwa kosa kubwa, na kwamba sasa limekatazwa. Wa umri mkubwa anaweza kuambiwa zaidi: kwamba soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, lakini biashara iliendelea kwa siri kwa miaka mingine, na kwamba waliouza, walionunua na waliouzwa wote wana vizazi miongoni mwetu. Jina la mji lenyewe ni somo. Wapo wanaolifasiri kuwa ni mahali mpagazi alipobwaga mzigo na kuburudisha moyo, na wapo wanaosema ni mahali mateka alipoubwaga moyo wake kwa kukata tamaa. Watoto waachiwe wazitafakari fasiri zote mbili.

Bajeti na mahitaji

Gharama zigawanywe katika mafungu matano: nauli ya kwenda na kurudi, usafiri wa ndani ya mji, viingilio, chakula, na akiba ya dharura ambayo haiguswi kwa zawadi wala soda. Raia wachukue vitambulisho vyao, kwani viingilio vya raia na vya wageni hutofautiana. Kila malipo yadaiwe stakabadhi. Anayetaka kuongozwa na mwenyeji aombe kuona kitambulisho chake cha kazi na akubaliane naye bei kabla ya kuanza kutembea.

Mkoba wa familia uwe na maji ya kunywa ya kutosha, kofia, dawa za wanaotumia dawa kila siku, kadi ya bima ya afya kwa wenye nayo, na kanga moja ya ziada, ambayo hufaa kwa kivuli, kwa kukalia na kwa kujistiri mahali pa ibada. Kila mtoto mdogo awe na karatasi mfukoni yenye namba ya simu ya mzazi. Hospitali ya Wilaya ipo mjini, na namba ya dharura ya Polisi ni 112.

Kuacha mahali kama palivyokuwa

Magofu yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kupanda juu ya kuta, kuchora majina na kuokota vigae ni kosa, hata pale ambapo hakuna mlinzi anayeona. Chokaa iliyoshikilia mawe kwa karne nyingi humeguka kwa mguu wa mtoto mmoja, na hairudi. Katika makaburi ya Kaole wapo watu wanaokwenda hadi leo kuomba dua. Wanapokuwapo, sauti zipunguzwe na wasipigwe picha bila ridhaa yao.

Wakirudi nyumbani, watoto waulizwe walichokiona, na wazee nao waombwe kusimulia walichosikia kwa babu zao kuhusu njia ya misafara. Masimulizi hayo ya vijijini hayamo katika makumbusho yoyote, na wanaoyajua wanazidi kupungua.