Sifa za Mwana wa Miaka Kumi na Minne

Hapana msimu wa mashindano ya vijana upitao hapa Lamu bila kuzuka jina jipya. Mwaka huu huwa kijana wa Faza, mwaka ujao huwa wa Matondoni au wa Kizingitini. Ana miaka kumi na minne au kumi na mitano, mguu wake wa kushoto umewazungusha walinzi watu wazima, na kabla ya adhana ya Isha video zake zimekwisha kuenea katika simu kuanzia Mkomani hadi Langoni. Barazani huitwa "Yamal wetu". Wiki ya pili jina hilo hufika jikoni kwa mama yake, likifuatana na maneno mengine: kwamba huyu ndiye atakayewatoa, kwamba chuo na skuli vyaweza kungoja, kwamba yupo mtu Mombasa anayejuana na watu wa Dubai.

Je, hawa wanaosifiwa utotoni hufika kweli kule walikotabiriwa? Suala hili halihitaji kupiga ramli. Dunia imekwisha kuwapa watoto wengi sifa kama hizi, na miaka ya kutosha imepita kwa mtu kutazama yaliyowafika.

Ushahidi mkubwa kuliko wote umetoka katika nchi ya Waislamu wenzetu. Mwaka 2007 chuo cha michezo cha Aspire, kilichoko Doha nchini Qatar, kilianzisha mradi wa kutafuta vipaji barani Afrika ulioitwa Football Dreams. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi saba za mwanzo. Katika mwaka huo wa kwanza walitazamwa wavulana wa miaka 13 zaidi ya laki nne, nao waliochukuliwa hawakufika thelathini. Mradi uliendelea hadi 2016, na jumla ya waliotazamwa, pamoja na wale wa Asia na Amerika ya Kusini, ilipita milioni tatu. Aliyeusimamia ni Mhispania Josep Colomer, aliyewahi kuwa mkuu wa vijana wa Barcelona wakati Messi alipokuwa akipanda. Walikuwa na fedha, walimu, viwanja, chuo cha pili nchini Senegal, na tangu 2012 walikuwa na klabu yao wenyewe huko Ubelgiji, KAS Eupen, ili vijana wapate pa kuchezea wakiwa wakubwa.

Na matunda yakawaje? Msenegali Moussa Wagué alifika Barcelona mwaka 2018, akacheza mechi chache. Mnigeria Henry Onyekuru alinunuliwa na Everton ya Uingereza mwaka 2017, akaondoka bila kuichezea hata mechi moja ya mashindano. Na hao ni katika waliofika mbali. Wapo wengine waliopata riziki yao katika klabu za wastani za Ulaya, na hilo si jambo la kubezwa hata kidogo, lakini mradi mzima haukumtoa Messi wa pili. Ikiwa watu waliofanya kazi hiyo usiku na mchana, wakiwa na mamilioni ya watoto mbele yao, hawakuweza kuisoma kesho ya kijana wa miaka 13, basi sisi wa barazani, tuliomwona mwana akicheza mara tatu, tunaitabiri kwa elimu gani? Aya ya mwisho ya Sura Luqman imetufundisha kuwa hapana nafsi ijuayo itachuma nini kesho. Tunaisoma kila mara, kisha tukitoka msikitini tunatabiri.

Tukizame kisa cha jezi nambari 10 ya Barcelona, hiyo ambayo watoto wetu wanaivaa mpaka inachakaa. Messi alipoondoka mwaka 2021, jezi hiyo alipewa Ansu Fati, kijana mzaliwa wa Guinea-Bissau aliyeanza kucheza na wakubwa akiwa na miaka 16, akavunja rekodi kadhaa za umri mdogo. Walisema mrithi amepatikana. Lakini goti lake lilikuwa limeumia tangu Novemba 2020, likapasuliwa zaidi ya mara moja, na yeye hakurudi kuwa yule wa mwanzo. Alipelekwa kwa mkopo Brighton, kisha Monaco. Julai 2025 jezi ile ile akavishwa Lamine Yamal, aliyetimiza miaka 18 mwezi huo huo. Yamal, kwa kauli ya haki, mpaka sasa ametimiza zaidi ya aliyotabiriwa: alianza kuichezea Barcelona akiwa na miaka 15, na siku moja baada ya kutimiza miaka 17 alikuwa bingwa wa Ulaya pamoja na Hispania. Mwenyezi Mungu amhifadhi. Hata hivyo kijana huyu bado hajafika umri wa kuoa kwa desturi za kwetu, na hukumu juu yake haijakamilika.

Yuko mwingine ambaye wengi wamekwisha kumsahau. Hachim Mastour alizaliwa Italia mwaka 1998 na wazazi wa Kimoroko. AC Milan ilimchukua akiwa na miaka 14. Miaka miwili baadaye alikuwa katika video pamoja na Neymar, wakionyeshana ufundi wa kuuchezea mpira, na dunia nzima ikaitazama. Mwaka 2014 alikaa benchi la timu kubwa ya Milan akiwa na miaka 15. Mwaka uliofuata aliivalia timu ya taifa ya Moroko. Kisha? Alipelekwa Malaga, akacheza dakika tano katika msimu mzima. Baadaye akawa Uholanzi, Ugiriki, madaraja ya chini ya Italia, na klabu ndogo ya Moroko. Mechi ya ligi kwa jezi ya Milan hakucheza hata moja. Mtu anapokitazama kisa hiki huona kuwa hakuna aliyemdhulumu waziwazi. Alisifiwa tu, kwa wingi na mapema, na kila mtu aliyemsifu alikuwa na haja yake.

Tuje kwetu. Mwezi Aprili 2019 mashindano ya Afrika ya vijana wa chini ya miaka 17 yalifanyika Dar es Salaam, na macho ya Watanzania yalikuwa kwa kijana wa Morogoro, Kelvin John, ambaye watu walikwisha kumwita "Mbappe". Mechi ya kwanza Serengeti Boys walifungwa na Nigeria mabao 5 kwa 4. Wakafungwa na Uganda, wakafungwa na Angola, wakatoka bila pointi mbele ya watu wao. Watoto wale walilia, na wakubwa waliowapachika majina ya watu wa Ulaya waliwageukia kuwalaumu. Kelvin mwenyewe hakupotea. Mwaka 2021 alijiunga na Genk ya Ubelgiji. Miaka mitatu ilipita bila kujipatia nafasi ya kudumu katika kikosi cha kwanza, na mwaka 2024 akahamia Aalborg ya Denmark. Ana kazi, anaitwa Taifa Stars, anaendelea. Mtu akimtazama kwa jina lake alilopewa na mzazi wake, huyo ni kijana aliyefanikiwa kuliko maelfu ya wenziwe. Akitazamwa kwa jina la Mbappe huonekana ameshindwa, naye hakuliomba jina hilo.

Klabu hiyo hiyo ya Genk ndiyo iliyomkuza Mtanzania mwingine, Mbwana Samatta, na njia yake ilikuwa nyingine kabisa. Samatta, mwana wa Mbagala, hakutangazwa duniani akiwa na miaka 14. Alicheza African Lyon, akacheza Simba, na mwaka 2011 TP Mazembe ya Lubumbashi ikamwona alipocheza dhidi yao. Alikaa Kongo miaka mitano. Hapo ndipo watu hupita haraka wanaposimulia habari zake, nami ningependa tupite polepole, kwa sababu miaka mitano ni mingi kwa kijana anayesubiri. Mwaka 2015 alitwaa ubingwa wa klabu za Afrika, na Januari 2016 akatunukiwa kuwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza ndani ya bara. Ndipo akaenda Genk, akatwaa nayo ubingwa wa Ubelgiji mwaka 2019, akafunga bao katika uwanja wa Liverpool mwaka huo huo, na mwaka 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, kwa Aston Villa. Alikuwa na miaka 27. Katika umri huo, kijana wa kwetu aliyesifiwa akiwa na miaka 14 huwa amekwisha kukata tamaa na kuhesabiwa kuwa mzee wa mpira.

Kwa nini utotoni kunatudanganya hivi? Sababu moja wanaijua wanafunzi wote wa fiqhi, ila hawaihusishi na kandanda: balehe haiji kwa watoto wote wakati mmoja. Weka uwanjani wavulana ishirini wa miaka 14, utakuta mmoja ana kifua na ndevu zinachipua, na mwingine sauti yake bado ni ya mtoto. Yule wa kwanza hukimbia zaidi na hupiga mpira kwa nguvu zaidi, nasi twasema ni kipaji. Miaka mitatu baadaye wenziwe wamemfikia kimo, na ile tofauti imeyeyuka. Yule mdogo, aliyelazimika kujifunza akili na hila kwa kuwa hakuwa na nguvu, aghlabu alikwisha kuambiwa akae kando.

Nao umri wenyewe, wazazi wangu, si jambo la kuchezewa. Imepokewa katika Sahihi kwamba Abdullahi bin Umar, Allah amridhie, alijitokeza siku ya Uhud akiwa na miaka kumi na minne na Mtume, rehema na amani zimshukie, hakumruhusu. Akajitokeza siku ya Khandaq akiwa na kumi na mitano, akaruhusiwa. Mwaka mmoja tu ulikuwa na uzito, na hapana aliyemwongezea mtoto umri ili apite. Leo tunafanya kinyume chake: twampunguzia. Tanzania iliondolewa katika mashindano ya Afrika ya chini ya miaka 17 mwaka 2005 kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri, na timu nzima ya watoto wasio na kosa ikakosa safari. Tangu 2009 FIFA hupiga picha mifupa ya kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la vijana hao, na mfupa hauwezi kufunzwa kusema uongo. Mzazi anayekwenda kubadilisha cheti cha kuzaliwa cha mwanawe humfundisha mwana kuwa riziki yake itajengwa juu ya shahada ya uongo, na hilo lina hesabu yake kabla ya mpira na baada ya mpira.

Mama mmoja alinijia baada ya darsa ya akina mama. Mwanawe ana miaka kumi na mitano, ametokea mtu aliyejiita wakala, anataka fedha za pasipoti, za daktari na za majaribio Ghuba. "Maalim," akaniambia, "bangili nimekwisha kuzivua. Nangoja wewe useme ni halali au si halali." Nilimwambia: "Dada yangu, tuache kwanza halali na haramu, tuulize huyu bwana analipwa na nani." Wakala wa kweli ujira wake hutokana na mshahara wa mchezaji aliyepata kazi. Huyu alitaka kulipwa kabla ya kazi, na kwa bangili za mama. Tena kanuni za FIFA zinazuia kijana wa chini ya miaka 18 kusajiliwa nje ya nchi yake, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kama vile wazazi wenyewe kuhamia huko kwa jambo lisilohusiana na mpira. Na tangu Oktoba 2023 kila wakala anatakiwa awe na leseni ya FIFA, na majina ya wenye leseni yamewekwa wazi katika tovuti yao. Kijana yeyote mwenye simu ataweza kumtafutia mama yake. Tulilitafuta jina la bwana yule pale pale, halikuwamo. Bangili zikarudi mkononi. Kuhusu hukumu, mapatano ya namna hiyo, ambayo mtu hutoa mali taslimu asijue anachokinunua ni kitu gani, wala kama kipo, yamo katika gharar iliyokatazwa, na sikuona haja ya kuirefusha fatwa.

Nisije nikafahamika kuwa naupinga mpira. Imam Ghazali katika Ihya amesema kuwa mtoto akitoka chuoni aruhusiwe kucheza mchezo mzuri, na kwamba kumnyima mchezo na kumlazimisha masomo mfululizo huua moyo wake. Kinachonihuzunisha ni kuwa yule tuliyemsifu tumemnyima kucheza. Akikosa bao, baba hali chakula cha usiku. Akiumia kifundo, nyumba nzima huwa kama ina msiba. Wenzake wanacheza, yeye yumo kazini tangu miaka kumi na minne, hana mshahara wala likizo.

Kwa mwenye kijana wa namna hii, yako mambo ya kufanya yasiyogharimu bangili. Amsifu mwanawe kwa bidii na adabu yake kuliko kwa mabao, na akimsifu amtakie baraka, kwani jicho ni kweli, nasi siku hizi twawaweka watoto mbele ya macho ya watu elfu kwa video moja. Amwache acheze na timu yake ya mtaa mpaka mwili ukomae. Asimtoe skuli, hasa wakati huu. Katika mtaala mpya, wanafunzi wa kwanza wameingia Gredi ya 10 Januari 2026, na mmoja kati ya mikondo mitatu ya sekondari ya juu ni wa sanaa na sayansi ya michezo. Kijana asiyefika Ulaya anaweza kutoka hapo akiwa mwalimu wa michezo au mkufunzi, au akaelekea kwenye tiba ya viungo. Si kila skuli ina mkondo huo, na uchaguzi hufanywa mtoto akiwa bado Gredi ya 9, basi mzazi na aende akaulize mapema kwa mwalimu mkuu ni skuli zipi za kaunti yetu zinazoufundisha.