Maji ya Msumeno wa Chuma: Yachagueni Vema, Yatunzeni, Msiyamwage Ovyo

Wako askari wengi ambao, wakiisha kustaafu, huendelea kuishi kwa ufundi walioupata kambini. Hufungua karakana ndogo uani, na jamaa yote ikapata riziki humo. Katika Kajaga, kando ya barabara itokayo Bujumbura kwenda Gatumba, nyumba zimeongezeka hadi ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na kila nyumba yataka lango, vyuma vya madirisha na ngazi. Kazi ya namna hiyo hurahisishwa sana na msumeno mdogo wa chuma, ule wenye ukanda wa meno uzungukao juu ya magurudumu mawili.

Mara nyingi fundi huutunza msumeno wake, lakini akayasahau maji yake. Maji tunayoyasema hapa ni kile kipoozi kinachodondoka juu ya meno wakati wa kukata. Kikichaguliwa vibaya, ukanda hufa mapema. Kikiachwa bila matunzo, ngozi ya fundi huingia taabuni. Na kikimwagwa ovyo, madhara hayaishii karakanani, bali hufika hata jikoni.

KAZI YA KIPOOZI

Kipoozi hufanya kazi tatu: hupooza meno, hulainisha mahali yanaposuguana na chuma, na huondoa chembe zilizokatwa zisizibe nafasi baina ya jino na jino. Mwaka 1907 mhandisi wa Marekani, Frederick Taylor, alitangaza matokeo ya majaribio yake marefu ya ukataji wa vyuma. Alionyesha kuwa kumimina maji kwa wingi penye ncha ya kukatia huongeza kasi ya kukata kwa theluthi moja na zaidi. Lakini maji matupu huleta kutu, ndiyo maana leo huchanganywa na mafuta maalumu yanayokubali maji, yakawa meupe kama maziwa.

Si kila chuma kinataka kipoozi. Chuma cha kusubu, kama kile cha bloku ya injini, hukatwa kikavu, kwani unga wake ukichanganyika na maji huwa tope linalokwaruza mashine. Shaba ya njano nayo yaweza kukatwa kavu. Chuma cha kawaida cha mabomba na nondo hufaidika na kipoozi, na chuma kisichoshika kutu hufaidika zaidi. Alumini hupenda kuganda katika meno. Kwa kazi chache, kuupaka ukanda nta kunatosha.

Mwenye msumeno usio na pampu asihuzunike. Kopo lenye bomba dogo, likiwekwa juu na kudondosha tone baada ya tone, latosha kwa kazi ya nyumbani. Tena lina faida: kipoozi kinachotumika ni kidogo, na uchafu wa kutupa ni kidogo. Wala mtu asipake kwa brashi karibu na meno wakati mashine inazunguka, wala asivae glavu hapo, maana ukanda huweza kuzinasa na kuuvuta mkono.

Jambo moja tulikataze kabisa: mafuta machafu ya injini. Wako wanaoyatumia kwa kuwa hayana gharama. Mafuta hayo yamebeba masizi na sumu za moto wa injini, na kugusana nayo kwa miaka mingi kwaweza kuleta saratani ya ngozi. Akiba hiyo ni ya uongo.

CHAGUA MAJI KWANZA

Sehemu kubwa ya kipoozi ni maji. Basi mafuta mazuri katika maji mabaya ni hasara. Maji ya Ziwa Tanganyika, ambayo ndiyo yanayosafishwa na kupelekwa katika mabomba ya Bujumbura, yana magnesi nyingi, na ugumu wake wakaribia miligramu 200 katika lita moja. Akina mama wanaijua habari hii bila vipimo, kwa jinsi sabuni inavyochelewa kutoa povu.

Sababu yake yafaa kueleweka. Ziwa hili lina njia moja tu ya kutokea, Mto Lukuga uendao Kongo, na maji mengi zaidi huondoka kwa kuvukizwa na jua. Mvuke huenda, chumvi hubaki. Ndivyo ilivyo katika tangi la msumeno: kila ukiongeza maji ya bomba, chumvi huzidi, hata mafuta yakajitenga na maji na kutu ikaanza. Dawa yake ni maji ya mvua, ambayo ni laini. Kuanzia Oktoba hadi Mei kinga maji ya bati, ukiacha ya kwanza yaliyosafisha vumbi, uyaweke katika chombo chenye kifuniko kwa ajili ya kiangazi.

KUCHANGANYA NA KUTUNZA

Soma kwanza maelezo yaliyo juu ya kopo. Kwa kawaida, msumeno hutaka sehemu 1 ya mafuta kwa sehemu 10 za maji. Yaani lita 5 za maji kwa nusu lita ya mafuta. Tia maji kwanza, kisha mimina mafuta polepole ukikoroga. Ukifanya kinyume, mchanganyiko waweza kuganda kama uji usiofaa.

Kipoozi kinapopungua, usiongeze maji matupu kila mara, wala mchanganyiko mzito kama wa mwanzo. Ongeza ulio mwepesi, kadiri ya sehemu 1 kwa 30. Kila jioni ondoa chembe za chuma, na enguo mafuta ya mashine yaliyoelea juu. Mafuta hayo huziba hewa, na vijidudu visivyotaka hewa hustawi chini yake. Ndivyo vinavyotoa ile harufu ya yai bovu Jumatatu asubuhi. Harufu ikiisha kuingia, usiifiche kwa dawa ya klorini, kwani huleta kutu. Toa kipoozi chote, osha tangi kwa maji ya moto na sabuni, suuza, ndipo utie kipya.

MIKONO, NGUO NA ZIWA

Nawa kwa sabuni kabla ya kula, wala usinawe kwa mafuta ya taa, kwani hukausha ngozi na kufungua njia ya upele. Nguo za karakana zifuliwe peke yake, zisichanganywe na za watoto. Kipoozi kisiwekwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto haoni tofauti yake na maziwa.

Kipoozi kilichochakaa kisimwagwe mtaroni wala bustanini. Kiache katika karai pana, mahali penye jua lakini pasipofikiwa na mvua wala watoto, mpaka maji yapotee. Kisha mashapo yafungwe katika debe lenye kifuniko, mpaka upatikane mtu anayekusanya mafuta machafu. Debe liwekwe juu ya rafu. Waliokuwapo Kajaga na Gatumba mwaka 2024, ziwa lilipopanda na kuingia majumbani, wanajua sababu: kilichokuwa sakafuni siku ile kilikwenda na maji.

Mukeke na ndagala tunazokula zatoka katika ziwa hilo, na maji ya birika yatoka humo humo. Fundi anayemwaga kipoozi mtaroni asidhani amekitupa mbali. Amekipeleka kwenye maji ambayo jioni mkewe atayateka na wanawe watayanywa.