Utepe wa pinki na hesabu ya msimu wa majani kupukutika

KWA mfanyabiashara wa hapa kwetu, Oktoba ni mwezi wa kutazama mawingu ya vuli. Mwenye duka la mabati anaongeza mzigo, na muuza miavuli anangoja siku yake. Huko Ulaya na Marekani ya Kaskazini miezi hiyo hiyo ina sura nyingine kabisa. Wafasiri wetu nao huiita vuli, ingawa kinachosubiriwa huko si mvua bali majani: siku zinafupika, ukijani unatoweka, na rangi za njano na nyekundu zinajitokeza kabla majani hayajaanguka. Wakazi wa miji mikubwa ya mashariki ya Marekani hufunga safari hadi Vermont na New Hampshire kutazama miti tu, wakilala hotelini na kununua maboga njiani. Msomaji asicheke. Ni biashara ya vyumba na petroli, kama ilivyo ya mbuga zetu.

Starehe hiyo ina fedha nyingi. Makadirio ya chama cha wauzaji wa rejareja wa Marekani ni kwamba tangu 2021 sherehe ya Halloween ya Oktoba 31 peke yake imekuwa ikila zaidi ya dola bilioni 10 kila mwaka kwa peremende, mavazi na mapambo.

Kinachotuhusu zaidi katika ukurasa huu ni kwamba msimu huo wa kutumia ndio pia msimu wa kampeni za kuelimisha umma. Wiki ya kujikinga na moto huangukia Oktoba 9, kumbukumbu ya moto ulioteketeza Chicago mwaka 1871. Uingereza huuza maua mekundu kwa ajili ya askari wastaafu tangu Novemba 1921. Siku ya kurudisha saa nyuma, Wamarekani hukumbushwa kubadili betri za king'ora cha moshi, na miongoni mwa wanaowakumbusha ni kampuni ya betri ya Energizer. Hapo hakuna wa kulalamika: betri inauzwa, na nyumba inapona.

Lakini kubwa kuliko zote ni ile ya saratani ya matiti, na hesabu yake si nyepesi kama ya betri.

Mwezi huo ulianzishwa Marekani mwaka 1985, na miongoni mwa waanzilishi ilikuwa kampuni ya dawa ambayo leo ni sehemu ya AstraZeneca, iliyokuwa ikitengeneza tamoxifen, dawa ya saratani hiyo hiyo. Utepe ulikuja baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 bibi mmoja wa California, Charlotte Haley, alikuwa akikata tepe za rangi ya pichi nyumbani kwake na kuzigawa pamoja na kadi. Kadi ile haikuombea mgonjwa wala kuuza kitu. Ilitaja tarakimu: taasisi ya taifa ya saratani ina bajeti ya dola bilioni 1.8 kwa mwaka, na asilimia 5 tu ndiyo inayokwenda kwenye kinga. Jarida la Self na kampuni ya vipodozi ya Estée Lauder walipotaka kuutumia utepe wake mwaka 1992, alikataa akihofia biashara. Wakachagua rangi nyingine, pinki, na mwaka huo huo tepe milioni 1.5 zikagawiwa kwenye kaunta za vipodozi. Utepe ukabaki, tarakimu zikaachwa nyuma.

Tuone mifano miwili ya jinsi fedha zilivyotembea baada ya hapo.

Mtindi wa Yoplait uliwahi kuuzwa na vifuniko vya pinki. Mnunuzi aliosha kifuniko, akakituma kwa posta, na kampuni ikatoa senti 10 kwa mfuko wa saratani. Mwaka 2006 stempu ya barua ilikuwa senti 39. Maana yake aliyetuma vifuniko vitatu alitumia senti 39 ili mgonjwa apate 30. Isitoshe, kulikuwa na kikomo cha dola milioni 1.5, yaani vifuniko milioni 15. Cha ziada kisingeongeza hata senti. Kwa mwenye hisa, kikomo kama hicho ni busara, kwa kuwa gharama inajulikana mapema kama ya tangazo lolote, na faida inabaki rafuni. Kwa mnunuzi, ni jambo linalopaswa kuandikwa kwa herufi kubwa kama za utepe.

Mfano wa pili ni stempu yenyewe. Mwaka 1998 posta ya Marekani ilitoa stempu ya saratani ya matiti kwa senti 40, wakati barua ya kawaida ilikuwa senti 32. Sheria ilitamka kwamba fedha za ziada, baada ya gharama, zigawanywe: asilimia 70 kwa taasisi za taifa za afya na 30 kwa utafiti wa tiba ulio chini ya wizara ya ulinzi. Hapakuwa na cha kuosha wala cha kutuma, na mnunuzi alijua anaongeza kiasi gani na kwa nani. Stempu hiyo imekwisha kukusanya zaidi ya dola milioni 80.

Utepe huo umekwisha kufika kwetu. Oktoba ikiingia, fulana na vilemba vya pinki havikosekani madukani. Mwaka juzi mwandishi wa makala haya alinunua fulana mbili, moja akampelekea mama mdogo ambaye wakati huo alikuwa akipata matibabu. Ugonjwa wake uligunduliwa umechelewa, kama ilivyo kwa kina mama wengi wa Afrika. Akaigeuza mbele na nyuma.

"Mwanangu, hela ya hii inakwenda hospitali gani?"

Nikarudi dukani kuuliza. Muuzaji alisema mzigo ulikuja vile vile, na kwamba rangi ndiyo inayotoka. Sidhani alikuwa tapeli, maana hakuahidi chochote. Mimi ndiye niliyejiahidi baada ya kuona utepe. Mama mdogo aliivaa, akasema kitambaa ni kizuri.

Kwa wanaofikiria mzigo wa Oktoba ijayo, hesabu inaanza kabla ya oda. Mzunguko rahisi ni kukubaliana kwa maandishi na hospitali au kituo cha uchunguzi juu ya shilingi kamili kwa kila fulana, si "sehemu ya mapato", kisha kiasi hicho na jina la mpokeaji vichapwe kwenye lebo. Kama kuna kikomo, nacho kichapwe. Uchapaji huo unafanywa kiwandani pamoja na utepe, kwa hiyo makubaliano lazima yawe mkononi kabla meli haijapakiwa. Mzigo ukishatua bandarini, kinachobaki ni stika, na wateja wa stika ni wabishi.