Adhabu Inayokataliwa: Desturi ya Mpira wa Kimarekani

Katika mpira wa miguu unaochezwa Afrika ya Mashariki, hukumu yote i mikononi mwa mwamuzi. Yeye ndiye apigaye filimbi, na yeye ndiye aachaye mchezo uendelee akiona kuwa timu iliyokosewa yapata faida. Katika mpira wa Kimarekani sivyo. Mwamuzi hutangaza kosa, kisha timu iliyokosewa huchagua yenyewe: kuipokea adhabu au kuikataa.

Ili kufahamu jambo hili, yafaa kwanza kuujua mchezo wenyewe. Kila timu huwa na watu 11, na toka mstari wa goli moja hata wa pili ni yadi 100. Timu yenye mpira hupewa majaribio 4 ili isonge mbele yadi 10. Ikifaulu, hupewa mengine 4. Ikishindwa, mpira huwa wa wapinzani. Mchezaji akikosa, mwamuzi hutupa kitambaa cha manjano, na timu yake hurudishwa nyuma yadi 5, 10 au 15 kwa kadiri ya kosa. Mara nyingi jaribio lile hurudiwa.

Hapo ndipo penye hesabu. Tuseme timu yahitaji yadi 10 katika jaribio la 3. Yapata 3 tu, na mmoja wao amemshika mpinzani kinyume cha sheria, kosa la yadi 10. Adhabu ikipokewa, timu ile itahitaji yadi 20, lakini itarudia jaribio la 3. Ikikataliwa, zitabaki yadi 7 na jaribio 1 tu, na kwa kawaida wenye mpira huupiga mbali. Kwa hiyo wapinzani hukataa. Hukataa pia ikiwa wameudaka mpira, maana wakipokea adhabu itawapasa kuurudisha. Lakini kama kosa lile limewapatia wakosaji yadi 30, adhabu hupokewa mara moja ili yadi hizo zifutwe.

Mashaka huwa karibu na goli. Huko, jaribio la mwisho laweza kuwa teke la kupitisha mpira kati ya milingoti, nalo huleta pointi 3. Kuwarudisha nyuma kwaweza kuwazuia wasifikishe teke hilo. Lakini kwawapa pia nafasi nyingine ya kusonga mbele. Uamuzi mmoja mbaya waweza kupoteza mchezo mzima.

Mara nyingi, basi, wenye busara hufuata neno la wazee: heri kenda shika kuliko kumi nenda uje.