Kutoka Karagwe na Kyerwa hadi Mji Mkongwe wa Zanzibar: Namna ya Kupanga Safari ya Matembezi na Kulinda Fedha Zako

Malipo ya kahawa yanapoingia, wapo wanaolipa ada za watoto, wapo wanaoezeka nyumba, na wapo ambao, baada ya miaka mingi ya kuwekeza shambani, huamua kwenda kuiona Zanzibar. Wengi huenda kwa vikundi: wanakwaya, walimu wastaafu, wanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa. Fedha huchangwa kidogo kidogo, hukabidhiwa mtu mmoja anayeitwa mratibu, naye huzituma kwa simu kwa mtu mwingine ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Makala haya yanahusu hasa hatua hiyo ya mwisho, pamoja na mambo mengine ambayo msafiri kutoka Kayanga, Omurushaka, Nkwenda au Murongo anapaswa kuyajua kabla ya kutoa shilingi yake ya kwanza.

Safari yenyewe si ngeni kwa Karagwe. Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilipita Tabora hadi Kafuro, kituo cha wafanyabiashara kisichokuwa mbali na Bweranyange, makao ya Omukama Rumanyika. Wapelelezi Speke na Grant waliondoka Zanzibar mwezi Septemba 1860, wakaingia Karagwe Novemba 1861. Walitumia zaidi ya mwaka mmoja katika njia ambayo leo msafiri huimaliza kwa siku mbili au tatu. Kwa hiyo mtu wa Karagwe anayesimama Mkunazini, mahali palipokuwa na soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, anasimama katika ncha ya pili ya njia iliyopita kwao.

Lini kusafiri

Hapa pana ugumu ambao wasafiri wa kutoka Kagera huuona kuliko wengine. Fedha za kahawa hupatikana zaidi katikati ya mwaka na miezi inayofuata. Miezi hiyohiyo, kuanzia Juni hadi Oktoba, ndiyo ambayo wageni kutoka Ulaya na Marekani hujaa Zanzibar, na bei za vyumba hupanda. Bei hupanda tena Desemba na Januari mwanzoni. Februari kuna tamasha la muziki la Sauti za Busara ndani ya Mji Mkongwe, na nyumba za wageni za bei nafuu huwahi kujaa. Kuanzia Machi hadi Mei ni masika: bei hushuka, lakini mvua huweza kuharibu siku nzima ya matembezi, na baadhi ya hoteli hufungwa.

Kwa maoni yetu, msafiri asiyebanwa na likizo za shule anafanya vyema kuziweka fedha za msimu benki au katika kikundi na kusafiri Novemba mwanzoni, au nusu ya pili ya Januari baada ya sherehe za Mapinduzi za tarehe 12. Mvua za vuli zipo Novemba, lakini mara nyingi si za kutwa. Pia aitazame kalenda ya Kiislamu. Katika mwezi wa Ramadhani migahawa mingi hufungwa mchana, na kula au kunywa hadharani hakukubaliki. Si vibaya kwenda wakati huo, ila kikundi chenye wazee na watoto kijue kitakula wapi mchana. Siku za kuikaribia Idi, boti hujaa watu wanaorudi makwao.

Siku ngapi? Chini ya siku tatu kamili Zanzibar, gharama ya njia haina maana. Ukihesabu siku mbili za kwenda na mbili za kurudi, panga siku saba.

Njia, na hesabu ya nauli

Basi la kutoka Kayanga hadi Dar es Salaam hutumia takriban usiku na mchana, na huweza kuzidi hapo. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, hivyo lile lala-salama la zamani njiani si la lazima tena. Wengine huteremka Dodoma na kupanda treni ya reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Treni hutumia saa tatu na nusu hadi nne hivi, na stesheni yake ya Dar es Salaam iko katikati ya jiji, karibu na bandari. Hilo si jambo dogo. Kituo Kikuu cha Mabasi cha Magufuli kiko Mbezi Luis, zaidi ya kilomita 20 kutoka bandarini, na abiria aliyechoka, mwenye mizigo, anayefika usiku, ndiye anayetozwa na teksi bei isiyo na kipimo. Nauli hiyo ya ndani ya jiji iingizwe katika bajeti tangu mwanzo, kwenda na kurudi.

Nauli za mabasi ya masafa marefu zina ukomo unaowekwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA). Katika viwango vilivyoanza Desemba 2023, ukomo kwa barabara ya lami ulikuwa shilingi 48.47 kwa abiria kwa kilomita katika basi la daraja la kawaida, na shilingi 67.84 katika daraja la kati. Hesabu yake ni rahisi. Tuseme safari ni ya kilomita 1,400: daraja la kawaida lisizidi shilingi 67,858, na daraja la kati lisizidi shilingi 94,976. Sehemu za barabara ya vumbi zina kiwango chake. Kabla ya kukata tiketi, uliza ofisi ya LATRA iliyoko Bukoba viwango vinavyotumika sasa na umbali unaotambuliwa wa njia yako, kisha fanya hesabu mwenyewe. Muulize pia wakala basi ni la daraja gani. Abiria akilipa nauli ya daraja la kati na kupandishwa katika basi la kawaida, amepunjwa, hata kama amefika salama.

Dai tiketi ya kielektroniki yenye jina lako, namba ya kiti, namba ya usajili wa basi, tarehe, saa na kiasi ulicholipa. Kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu hakitakusaidia mbele ya yeyote. Abiria ana haki ya kubeba mzigo wa kilo 20 bila malipo ya ziada. Mkungu wa ndizi wa kumpelekea ndugu aliyeko Dar es Salaam mara nyingi huuzidi uzito huo peke yake, hivyo ukubaliane gharama yake kabla haujaingia kwenye buti. Senene hawana tatizo.

Usikate tiketi ya boti kwa saa chache baada ya muda ambao basi linatarajiwa kufika. Gurudumu likipasuka Nzega, umeikosa boti, na mwenye boti hahusiki na gurudumu hilo. Lala Dar es Salaam usiku mmoja. Gharama ya kitanda kimoja ni ndogo kuliko tiketi za boti za kikundi kizima.

Boti

Wakazi wa Kagera hawahitaji kuelezwa maana ya chombo kilichozidisha abiria. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kufika Mwanza. Baharini, MV Spice Islander ilizama Septemba 2011 na MV Skagit Julai 2012. Kwa hiyo nunua tiketi katika dirisha la kampuni au katika mfumo wake rasmi wa mtandaoni, si kwa kijana anayekusubiri nje ya lango akisema boti imejaa na yeye anazo mbili zilizobaki. Zaidi ya bei, kuna jambo la jina: tiketi halali hukuingiza katika orodha ya abiria, na orodha hiyo ndiyo hutumika kujua nani alikuwemo chomboni likitokea la kutokea.

Mtanzania hahitaji pasipoti kwenda Zanzibar, lakini anahitaji kitambulisho, na kitambulisho hicho ndicho humpa nauli ya mkazi badala ya ile ya mgeni, ambayo ni kubwa zaidi. Kwa wakazi wa vijiji vya mpakani jambo hili lisiachwe hadi dakika ya mwisho. Asiye na kitambulisho cha Taifa aulize mapema kampuni ya boti inapokea kipi kingine, na majina katika tiketi yafanane na yaliyo katika kitambulisho. Ada ya bima ya lazima iliyoanzishwa Zanzibar Oktoba 2024 ni ya wageni kutoka nje ya nchi. Mtu akikudai wewe Mtanzania ada hiyo, mwombe akuonyeshe inakotajwa.

Wakala, arubuni na ujumbe wa simu

Tuchukue kikundi cha watu 12 kutoka Nkwenda. Wameona tangazo katika kundi la WhatsApp: siku nne Zanzibar, hoteli, chakula na matembezi, bei ndogo kuliko nyingine zote, nafasi zinaisha kesho. Mratibu anapewa namba ya simu ya kutuma arubuni. Jina linalojitokeza kabla ya kuthibitisha muamala ni la mtu binafsi, wala si la kampuni iliyotajwa katika tangazo.

Hapo ndipo pa kusimama. Kampuni ya utalii halali ina usajili wa BRELA unaoweza kuulizwa, na ina leseni ya biashara ya utalii. Ikiwa iko Zanzibar, inatambuliwa na Kamisheni ya Utalii ya huko. Omba nakala ya leseni, kisha thibitisha kwa aliyeitoa, si kwa aliyekutumia. Omba pia namba ya malipo ya biashara au akaunti ya benki yenye jina la kampuni. Mfanyabiashara mwaminifu hatakasirika kwa kuulizwa. Halafu ipigie simu hoteli iliyotajwa, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, uulize kama kweli kuna vyumba vilivyowekwa kwa jina la kikundi chenu. Simu hiyo moja huokoa fedha nyingi kuliko ushauri mwingine wote ulio katika kijitabu hiki.

Makubaliano yaandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja: bei ni ya chumba au ya mtu, ni kwa usiku au kwa safari nzima, kodi na tozo zimo au hazimo, kiingilio cha makumbusho kinalipwa na nani, na arubuni itarudishwa kiasi gani mkiahirisha kwa sababu ya msiba au ugonjwa. Kanuni zilizotolewa Machi 2025 zinakataza bidhaa na huduma za ndani ya nchi kuwekewa bei au kulipiwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo dai bei ya shilingi, na uulize kama kuna bei ya mkazi. Ndani ya kikundi, fedha zisikae katika simu ya mtu mmoja bila daftari. Tunasema hivi bila kumshuku mratibu yeyote, maana simu pia hupotea na hutapeliwa.

Ujumbe wa kitapeli utumwe kwenda namba 15040. Kwa kupiga *106# unaweza kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Fedha ikikwenda kwa namba isiyo sahihi, wasiliana na mtoa huduma wa mtandao wako papo hapo, kabla aliyepokea hajaitoa.

Mkishafika

Mji Mkongwe, uliowekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, hutembelewa kwa miguu. Mwongozaji halali ana kitambulisho. Kubalianeni bei na saa kabla ya kuondoka. Kanisa la Kianglikana la Mkunazini, pamoja na maonyesho ya historia ya utumwa yaliyo katika eneo lake, lipewe asubuhi nzima, wala lisibanwe kati ya ununuzi na chakula. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ilibomoka sehemu Desemba 25, 2020. Kabla ya kulipia ziara inayosema mtaingia ndani, ulizeni kama imefunguliwa kwa umma. Ngome Kongwe na soko la Darajani havina gharama kubwa. Jioni ni Forodhani, ambako bei ya kila mshikaki iulizwe kabla haujawekwa sahanini. Kwa kisiwa cha Changuu, pandeni chombo chenye maboya ya kujiokolea kwa kila mmoja, na mwondoke ikiwa nahodha anaongeza abiria. Mavazi yawe ya stara mitaani. Na mkulima wa Karagwe asikose kikombe cha kahawa barazani, amuulize muuzaji imetoka wapi.

Ukidhulumiwa

Anza kwa mtoa huduma mwenyewe, kwa maandishi, ukitaja tarehe, kiasi na unachotaka: kurudishiwa fedha, au kupewa huduma uliyolipia. Tiketi, risiti na ujumbe wa muamala visifutwe hadi mmerudi nyumbani. Asipojibu, mahali pa kwenda hutegemea huduma ilitolewa wapi, na hili huwachanganya wengi. Suala la basi au treni ni la LATRA. Vyombo vya majini upande wa Bara ni vya TASAC, na vya Zanzibar ni vya Mamlaka ya Usafiri Baharini ya huko. Tangazo la uongo au huduma iliyo kinyume na ahadi hupelekwa Tume ya Ushindani ikiwa biashara iko Bara. Hoteli au wakala aliyeko Zanzibar yuko chini ya Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, na lalamiko lililopelekwa Bara litarudishwa baada ya muda kupotea. Utapeli wa moja kwa moja ni jinai: ripoti kituo cha polisi kilicho karibu nawe, iwe Kayanga au bandarini, na uondoke na namba ya jalada.